Shangazi, nihamishe deni la kadi au niendelee kulipa nilivyozoea?

Shikamoo Shangazi,

Nina kadi mbili za mkopo na zote zimenielemea. Ya kwanza nadaiwa 3,600, riba yake ni asilimia 24 kwa mwaka. Ya pili nadaiwa 2,400, riba asilimia 30. Jumla 6,000. Ya pili niliichukua mama alipougua, na hilo silijutii. Ya kwanza sina cha kujitetea. Ni vitu vya nyumbani, simu, nauli, na sherehe moja ambayo nilijifanya mkubwa kuliko mfuko wangu.

Kila mwezi nalipa 260 kwa kadi zote mbili. Sijawahi kuruka mwezi hata mmoja, na hilo naomba ulizingatie kabla hujanigombeza. Lakini miezi kumi iliyopita deni lilikuwa 6,200 na leo ni 6,000. Nimetoa 2,600, deni limepungua 200! Usiku silali. Mke wangu anaijua kadi moja tu, tena anadhani inakaribia kuisha.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye pekee niliyemweleza. Ananiambia zipo benki zinazokupa kadi mpya, unahamishia deni lako huko, na kwa miezi 18 hutozwi riba hata senti. Unalipa ada ya asilimia 3 tu mwanzoni. Yeye mwenyewe ameshafanya hivyo mara tatu. Baba mdogo naye aliposikia habari hizi (nilimuuliza kama naulizia mtu mwingine) akacheka: dawa ya deni ni kulipa, si kulihamisha chumba. Akaongeza kuwa benki haijawahi kumpa mtu kitu cha bure.

Nimejaribu kupima kwenye tovuti ya benki moja bila kutuma maombi kamili. Wameniambia huenda nikapewa kikomo cha 4,000. Kwa hiyo deni lote halitaingia. Je, huu ni mtego? Kama si mtego, nihamishe lipi? Na kadi za zamani nizifunge? Nikijibana kabisa naweza kufikisha 330 kwa mwezi.

Ni mimi mwanao,
Mwenye Kadi Mbili

*

Marahaba mwanangu. Kwa deni sikugombezi. Kwa hesabu, ngoja kwanza.

Nilipofika pale uliposema umetoa 2,600 na deni likashuka 200, nilichukua kalamu. Asilimia 24 kwa mwaka ni kama asilimia 2 kwa mwezi, kwa hiyo ile 3,600 inazaa riba ya 72. Asilimia 30 ni 2.5 kwa mwezi, na 2,400 inazaa 60. Jumla 132 kila mwezi. (Benki nyingi huhesabu riba siku kwa siku, lakini kwa mazungumzo yetu kugawa kwa 12 kunatosha.) Ukilipa 260, riba inakula 132 na zinazobaki 128 zinapunguza deni lenyewe. Kwa mwendo huo, ile 6,200 ya miezi kumi iliyopita ilitakiwa leo iwe kama 4,830. Wewe unadaiwa 6,000. Tofauti hiyo ya karibu 1,170 haikuletwa na riba. Umeendelea kununua kwa kadi.

Nimeipigia hesabu: ni kama 105 kwa mwezi. Hukuitaja kwenye barua, na sidhani ulinificha. Naamini huijui. Ni malipo ya huduma uliyojiunga nayo zamani, ni mafuta siku ambayo pochi ilikuwa tupu, ni kitu cha mtoto. Mkono wa kulia unalipa 260, wa kushoto unachukua 105. Malipo yako halisi ni 155, na riba peke yake ni 132. Ndiyo maana deni limesimama palepale kama gari lililokwama kwenye tope huku magurudumu yanazunguka.

Nimeanza na hili kwa sababu bila kulijua, ushauri wa shemeji yako utakuumiza. Toa taarifa za kadi zote mbili za miezi mitatu iliyopita, pigia mstari kila ununuzi, uone hizo 105 zinakwenda wapi. Kisha urudi kwenye ile 330 uliyonitajia. Je, ni 330 baada ya kununua vitu hivyo kwa fedha taslimu, au ni 330 huku kadi ikiendelea kubeba vingine? Kama ni ya pili, basi si 330. Mimi nitaendelea nikiamini ni 330 safi, hakuna ununuzi mpya kwa kadi yoyote. Kama siyo, badilisha namba zangu zote huku ukisoma.

Sasa hili jambo lenyewe. Benki huliita kuhamisha salio, na jina hilo limewapoteza wengi, maana sisi tukisikia salio tunafikiria kilichobaki chetu, kama salio la simu. Kwenye kadi ya mkopo salio ni unachodaiwa. Kwa hiyo ukihamisha salio, benki mpya inailipa benki ya zamani kwa niaba yako, na kuanzia hapo unadaiwa na hiyo mpya. Hakuna senti ya deni iliyofutwa. Hapo baba yako mdogo ana haki ya kucheka.

Lakini hajaona upande wa pili. Leo, katika kila 260 unayolipa, zaidi ya nusu inaishia kwenye riba. Ukipata miezi ambayo riba ni sifuri, unacholipa kinatua chote juu ya deni. Unachonunua ni muda, na ada ndiyo bei ya muda huo.

Bei hiyo ni kubwa au ndogo? Tuipime. Tuseme umehamisha 3,800. Ada ya asilimia 3 ni 114, na kwa kawaida huongezwa juu ya deni kwenye kadi mpya, hulipi mkononi. Hiyo 3,800, ikibaki ilipo leo, inakutoza riba ya kama 88 kwa mwezi. Maana yake ada inajilipa ndani ya mwezi wa pili, na miezi 16 iliyobaki ni faida yako. Ofa nyingi hutoza kati ya asilimia 3 na 5. Hata ukikutana na ya 5, kwa riba kama zako bado ungerudisha ada ndani ya mwezi wa tatu. Ambaye asingefaidika ni mtu anayeweza kumaliza deni lake katika miezi miwili hivi. Huyo alipe tu, asisumbuke na makaratasi.

Na benki inapata nini? Hilo swali la baba mdogo ni zuri. Kwanza inapata ada. Pili inatazamia kwamba wengi watafika mwisho wa miezi 18 wakiwa bado wanadaiwa, na siku hiyo riba ya kawaida inaanza. Tatu inatazamia utaanza kununua vitu kwa kadi mpya, na ununuzi mara nyingi haumo kwenye ofa ya sifuri. Benki imepima tabia za watu, ikaona kwa jumla yake inashinda. Wewe huhitaji kuishinda benki kwa jumla. Inatosha usiwe mmoja wa hao inaowategemea.

Tuje kwenye deni lipi lihame. Utasikia mtu akikwambia hamisha lile kubwa. Hapana. Hama na lenye riba kubwa kwanza, hata kama ni dogo. Kwako ni ile kadi ya asilimia 30: hamisha 2,400 yote. Nafasi inayobaki kwenye kikomo cha 4,000, ijaze na 1,400 kutoka kadi ya asilimia 24. Hapo ndipo inapopatikana ile 3,800. Kwa nini nisiseme 1,600 ili ijae kabisa? Kwa sababu ada nayo inakaa ndani ya kikomo. 3,800 na 114 ni 3,914, umebakiwa na nafasi ndogo ya kupumulia. Benki nyingine haziruhusu kikomo chote kitumike kwa kuhamishia. Zinaishia asilimia 90 au 95. Ukiambiwa hivyo, punguza kwenye ile 1,400 na usiiguse 2,400.

Na kumbuka kuwa ile 4,000 ni makadirio. Hata maneno "miezi 18" mara nyingi yana "hadi" mbele yake, "hadi miezi 18", na neno hilo dogo lina kazi: mwombaji mwingine hupewa 12, mwingine hupewa 18 lakini kwa ada ya juu zaidi. Utajua yako ukishajibiwa.

Sasa tuweke njia mbili pembeni kwa pembeni. Njia ya kwanza, huhamishi chochote. Unaacha kununua kwa kadi, unalipa 330 kila mwezi, kiwango cha chini (kile kidogo kabisa ambacho benki inataka ulipe kila mwezi) kwenye kadi ya asilimia 24 na kinachobaki chote kwenye ya asilimia 30, ikiisha unageukia nyingine. Utamaliza mwezi wa 24, na riba utakayokuwa umelipa ni kama 1,650. Usiidharau njia hii. Kumbuka kwa mwendo wako wa sasa ingekuchukua miaka kama saba. Ukinyimwa kadi mpya, hii ndiyo yako, na inafanya kazi.

Njia ya pili, umehamisha 3,800. Umebaki na 2,200 kwenye kadi ya zamani ya asilimia 24, na 3,914 kwenye mpya ya sifuri. Hapa ndipo watu hukosea. Wanaipenda kadi mpya, wanaishambulia, kwa sababu wanaona tarehe ya mwisho inawajia. Lakini deni la sifuri halikui! Linalokua ni lile la zamani. Kwa hiyo kadi mpya ilipe kiwango cha chini tu, tuseme 40, na 290 zote zitupe kwenye ile ya zamani. Mwezi wa 9 ya zamani imekwisha, riba yake yote ni kama 210. Baada ya hapo 330 yote inahamia kadi mpya. Mwisho wa mwezi wa 18 utakuwa umebakiwa na kama 384. Hizo zitaanza kutozwa riba ya kawaida, lakini unazimaliza mwezi wa 20 na riba yake haifiki hata 10 kama ni asilimia 2 kwa mwezi. Ukijumlisha ada ya 114, riba ya kadi ya zamani na hicho kidogo cha mwisho, gharama yote ni kama 333. Linganisha na 1,650.

Ukiweza kufikisha 355 badala ya 330, unamaliza kila kitu ndani ya miezi 18. Hizo 25 za ziada najua zinapatikana wapi: ndani ya zile 105.

Naomba nikwambie na upande ambao hesabu haiusemi. Kulipa 40 kwenye deni la 3,914 kwa miezi minane kunahitaji moyo. Utafungua taarifa, utaona namba haisogei, utajisikia hujafanya kitu. Wapo wanaoshindwa, wakapumbazwa na kile kiwango kidogo, zile 290 zikaanza kupata matumizi mengine. Ukijijua wewe ni wa namna hiyo, fanya hivi: gawa 3,914 kwa 18, unapata 217 na kitu, lipa hiyo kila mwezi kwenye kadi mpya bila kufikiri, na 113 zinazobaki zipeleke kwenye ya zamani. Utamaliza mwezi wa 21, na itakugharimu kama 360 zaidi ya ile ya 333. Bado uko mbali sana na 1,650. Mimi ningechagua ya bei nafuu, lakini mimi sijawahi kununua kitu kwa kadi bila kukiandika kwenye daftari, na watu wa nyumbani kwangu wananichoka.

Kuhusu utaratibu. Kwanza, kwa kawaida benki hairuhusu kuhamisha deni kutoka kadi yake moja hadi nyingine, na mara nyingine benki mbili zenye majina tofauti zina mwenye nyumba mmoja. Uliza kabla ya kutuma maombi. Kila ombi kamili huacha alama kwenye historia yako ya mikopo, na alama nyingi kwa muda mfupi zinawatisha wakopeshaji. Ulifanya vyema kupima kwanza bila kuomba. Ukikataliwa, usikimbilie benki ya pili, ya tatu, ya nne wiki hiyo hiyo. Tulia, lipa kwa njia ya kwanza, jaribu tena baada ya miezi kadhaa.

Ukikubaliwa, hamisha mara moja. Ofa nyingi hutoa siku 60 au 90 tu tangu kufungua akaunti. Ukichelewa, deni linahamia kwa riba ya kawaida au ada ya juu zaidi. Tena mara nyingi hiyo miezi 18 huanza kuhesabiwa siku akaunti ilipofunguliwa, si siku deni lilipofika. Ukikaa mwezi mzima ukijiuliza, una miezi 17.

Na hili nalisisitiza kwa sababu nimeona watu makini wakilikosea: usiache kulipa kadi za zamani hadi uone kwa macho yako kwamba fedha imefika. Uhamisho unaweza kuchukua siku chache, unaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Tarehe ya kulipa ikifika katikati, lipa. Ukilipa zaidi ya unachodaiwa, utarudishiwa. Ukikosa kulipa, utatozwa faini na rekodi yako nzuri ya kutoruka mwezi itaharibika. Kisha, hata baada ya kadi ya asilimia 30 kusoma sifuri, tegemea taarifa moja zaidi yenye kiasi kidogo. Ni riba ya zile siku kati ya taarifa ya mwisho na siku deni lilipolipwa. Watu huidharau, huitupa barua, kisha wanashangaa kuambiwa wamechelewesha malipo ya kiasi kisichotosha hata nauli.

Kwenye kadi mpya, siku ya kwanza kabisa, weka malipo ya moja kwa moja kutoka akaunti yako ya mshahara, angalau ya kiwango cha chini, siku mbili tatu baada ya mshahara kuingia. Ofa nyingi zina kifungu kinachosema ukichelewa kulipa wanaweza kukuondolea sifuri yako. Hutaki kupoteza miezi 18 kwa sababu siku hiyo simu iliishiwa chaji.

Usinunue chochote kwa kadi mpya. Ununuzi wake mara nyingi unatozwa riba ya kawaida, na kwa sababu unabeba deni, ule muda wa neema ambao mwenye kadi hulipa bila riba huenda usiupate. Kutoa fedha taslimu ni mbaya zaidi, riba inaanza siku ileile na ada juu. Tena lipo suala la malipo yako yanaangukia wapi. Marekani, sheria ya kadi ya mwaka 2009 inataka unacholipa juu ya kiwango cha chini kiende kwenye sehemu ya deni yenye riba kubwa, na inataka ofa za namna hii zidumu angalau miezi 6. Uingereza nako tangu 2011 malipo hutangulia kwenye riba kubwa. Mahali ambapo hakuna kanuni kama hiyo, benki inaweza kupeleka fedha yako kwenye sehemu ya sifuri huku ununuzi wako mdogo ukikaa pembeni unazaa. Kadi mpya ikifika, iandikishe kwenye programu ya benki ya simu ili uone taarifa, kisha plastiki yenyewe ifungie mahali.

Neno moja kuhusu kadi za maduka, kwa sababu zinafanana na hizi kwa jina na hazifanani kwa tabia. Zipo zinazotangaza "hakuna riba ukimaliza ndani ya miezi 12". Hapo riba imeahirishwa tu. Ukibakiwa na hata kidogo siku ya mwisho, wanarudi nyuma kukutoza ya mwaka mzima. Kwenye uhamisho wa kawaida wa sifuri, riba huanza kwenye kilichobaki tu, kuanzia siku hiyo. Soma ni ipi unayosaini.

Umeuliza kufunga kadi. Ile ya asilimia 24 huwezi kuifunga ukatoka, bado unadaiwa. Unachoweza ni kuisimamisha kwenye programu ya benki ya simu na kuifuta kwenye kila tovuti inayoikumbuka. Ile ya asilimia 30, ikishasoma sifuri na ile taarifa ndogo ya mwisho ukailipa, mimi nasema ifunge. Kuna watakaokwambia iache wazi, kwa kuwa kufunga kunapunguza jumla ya kikomo chako na alama yako ya mikopo (namba ambayo wakopeshaji hukupimia) inaweza kushuka kidogo. Ni kweli. Lakini alama huwa inarudi juu, na wewe ni mtu uliyetumia 105 kwa mwezi bila kujua. Kadi tupu yenye nafasi ya 2,400 mkononi mwako mimi siiamini, samahani.

Ndipo nifike kwa shemeji. Mara tatu? Muulize swali moja tu, kwa upole: alipohamisha mara ya kwanza deni lilikuwa kiasi gani, na leo ni kiasi gani. Kama linapungua kila mara, ni mtu hodari, mwige. Kama ni lilelile, basi amelipa ada mara tatu, karibu asilimia 9 ya deni, na bado yuko alipoanzia, akitegemea kuwa benki ya nne nayo itamkubali. Siku itakayokataa, riba ya kawaida inamdondokea juu ya deni zima. Wewe panga hesabu yako kana kwamba hakuna uhamisho wa pili.

Na ingekuwaje kama ungeniambia kwamba 260 yenyewe huiwezi? Hapo nisingekushauri kadi mpya kabisa. Ningekwambia upige simu benki ulizonazo kabla hujaruka mwezi, uombe kupunguziwa riba au kupangiwa malipo. Mara nyingi wanaye mtu wa kazi hiyo, na anamsikiliza zaidi aliyepiga simu mapema. Mkopo wa kawaida wa awamu, wenye riba ya chini na tarehe ya mwisho inayojulikana, nao unawafaa wanaojua hawawezi kukaa na kadi bila kuitumia.

Limebaki la mkeo, nawe hukuniuliza. Kaka yake anajua, yeye hajui. Mwanangu, hiyo ndiyo sehemu ya barua yako iliyonikosesha raha. Kadi mpya itatumwa kwa barua, inakuja nyumbani, na yeye ndiye yuko mlangoni. Isitoshe, zile 105 huwezi kuzikata peke yako kwenye nyumba ya watu wawili. Kila mtakapokosa kitu utakuwa unatafuta kisingizio. Mwambie kabla ya kutuma maombi. Usiende kwake na deni tupu. Nenda na karatasi: mstari mmoja njia ya miezi 24 na 1,650, mstari wa pili njia ya miezi 20 na 333. Mwachie achague yeye kama mtalipa kwa namna ya bei nafuu au ile ya kugawa kwa 18. Yamkini akawa na subira kuliko wewe.

Jumatatu piga simu benki hiyo mpya, uliza ada inakaa ndani ya kikomo au nje, miezi inaanza kuhesabiwa lini, riba baada ya miezi hiyo ni asilimia ngapi, na kiwango cha chini cha malipo kinapatikanaje. Andika majibu. Wakikupa kikomo tofauti na 4,000, niletee namba mpya tuzipige tena.

Shangazi